Je, jina halisi humzuia mhalifu?

Wengi huamini kwamba kila mtu akilazimishwa kutumia jina lake halisi mtandaoni, matusi na utapeli vitakoma. Korea Kusini ilijaribu. Kuanzia 2007, tovuti kubwa zilitakiwa kumthibitisha mtu kabla hajaandika maoni. Matusi hayakwisha. Kilichopatikana ni maghala ya taarifa binafsi, na wadukuzi hawakuchelewa kuyanusa: mwaka 2011 ziliibwa taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa tovuti ya Nate na mtandao wa kijamii wa Cyworld. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo, kwa kuwa faida yake haikuonekana ilhali uhuru wa kujieleza ulibanwa.

Mexico nayo ilianza kusajili laini za simu mwaka 2009 ili kukomesha utekaji, ikaachana na mpango huo 2012. Si ajabu, mhalifu hutumia laini yenye jina la mwingine, mara nyingi mtu asiye na habari.

Ila kuficha jina si kutoweka. Anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti), saa za kuingia, njia ya malipo: wapelelezi wenye amri ya mahakama huanzia hapo.