Kizuizi cha mtoto garini ni nini?

“Mpakate huyo, dada, mwingine akae.” Aliyepanda daladala anaijua sauti hiyo ya konda. Kwenye gari binafsi hakuna konda, lakini mazoea ni yaleyale: mama siti ya mbele, mtoto mapajani, na wengine hupitisha mkanda mmoja kuwafunga wote wawili. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana gari likigonga, mtoto anabanwa kati ya mkanda na uzito wa mama yake.

Kinachotakiwa kinaitwa kizuizi cha mtoto. Jina halivutii, ukilisikia unafikiria geti la polisi. Ni kiti kidogo kinachofungwa juu ya siti ya gari.

Kwa nini mkanda wa kawaida hautoshi? Mkanda tunaoujua, alioubuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, unategemea mifupa: chini ushike nyonga, juu upite begani na kifuani. Mtoto wa miaka minne akiuvaa, wa chini unapanda tumboni na wa juu unamkaa shingoni, hivyo anahitaji kiti chenye mikanda yake. Akikua, kiti cha kumwinua tu. Mtoto mchanga hutazamishwa nyuma ya gari, kwa sababu kichwa chake kizito na shingo bado laini. Gari likigonga kwa mbele, kiti kinapokea kichwa na mgongo kwa pamoja. Ila kiti hicho kisiwekwe mbele ya eabegi inayofanya kazi, yaani mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Ikifumuka inakipiga kwa nguvu.

Na mikono ya mama? Gari lililokuwa kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta zaidi ya gunia la mahindi la kilo 100. Nani atalidaka?

Uingereza, kiti ni lazima hadi mtoto afike miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia, na wa chini ya miaka 14 asipofungwa anayewajibika ni dereva. Kenya, kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, ziliingiza mikanda kwenye matatu mwaka 2004. Tanzania, sheria ya mkanda kwa miaka mingi ilimtazama dereva na abiria wa mbele. Mtoto wa siti ya nyuma hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Ukishamfunga, jaribu kubana utepe wa begani kwa vidole viwili. Ukipata kikunjo, bado umelegea.