Pau za mvua, mstari wa malaria: grafu mseto na mhimili wake wa pili

Ripoti nyingi za mwezi za vituo vya afya hapa Lubumbashi huwa na grafu mbili: moja ya mvua, nyingine ya wagonjwa wa malaria, kila moja kwenye ukurasa wake. Msomaji analazimika kupindua karatasi mbele na nyuma, akijitahidi kukumbuka Februari ilikuwaje huku akiitafuta Machi. Anachotaka kujua ni kitu kimoja tu: mvua ikizidi, malaria huzidi baada ya muda gani? Grafu mbili zilizotengana hazimjibu vizuri. Anahitaji grafu mseto, yaani grafu moja inayobeba pau na mstari kwa pamoja. Miezi inakaa chini, milimita za mvua zinasomwa kwenye mhimili wa kushoto, na idadi ya wagonjwa kwenye mhimili wa kulia.

Sisi tunaofundisha takwimu tunaipenda grafu hii na tunaihofia vilevile. Inaweka pamoja vitu ambavyo havina kipimo kimoja, na hapo ndipo ilipo faida yake. Lakini aliyeichora ndiye anayeamua mstari upande hadi wapi na uzikate pau wapi, na wasomaji wengi hawajui kwamba uamuzi huo ulifanywa.

Tuanze na jedwali, kwa sababu grafu nyingi huharibikia hapo. Safuwima tatu zinatosha: mwezi, mvua, wagonjwa waliothibitishwa kwa kipimo. Kila kichwa kiandikwe pamoja na kizio chake, kwa mfano "Mvua, mm". Kompyuta nyingi za huku zimewekwa kwa Kifaransa, na kwa mpangilio huo desimali huandikwa kwa mkato, si kwa nukta. Ukiandika 212.5 badala ya 212,5, Excel inayachukua kuwa maandishi. Haitakuonya. Dalili utakayoiona ni kwamba tarakimu hiyo imeegemea kushoto mwa seli wakati wenzake wote wameegemea kulia. Ukichora grafu, maandishi yanahesabiwa kuwa sufuri, na Januari iliyofurika inaonekana kavu kama Julai.

Kuna na seli tupu. Kituo kisipoleta ripoti ya Aprili, usiandike sufuri. Sufuri ni habari kamili: watu walipimwa na hakuna aliyekutwa na malaria. Seli tupu inasema kitu kingine kabisa, kwamba ripoti haikufika. Kwenye Excel, ndani ya « Sélectionner des données », kuna kitufe cha « Cellules masquées et cellules vides » kinachokuuliza nafasi tupu ichorwe vipi: iachwe pengo, ishuke hadi sufuri, au mstari uruke na kuunganisha pande mbili. Kwa ripoti za afya acha pengo. Mganga mkuu wa zone ya afya akiona pengo atauliza ripoti ya Aprili iko wapi, na hilo ndilo swali linalopaswa kuulizwa.

Kuchora kwenyewe ni kazi fupi. Kuanzia toleo la 2013, Excel ina sehemu maalumu ya grafu mseto. Teua jedwali lote pamoja na vichwa vyake, fungua « Insertion », kisha « Graphiques recommandés », kisha « Tous les graphiques ». Chini kabisa kwenye orodha ya kushoto utakuta aina inayoitwa combiné. Dirisha litakuonyesha kila safuwima ya tarakimu na aina ya grafu uliyoipa. Mvua ipe « Histogramme groupé », wagonjwa wape « Courbe », halafu weka alama kwenye kisanduku cha « Axe secondaire » mbele ya wagonjwa. Anayetumia LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, achague « Colonne et ligne », kisha abofye mara mbili kwenye mstari na kuupeleka kwenye « Axe Y secondaire ». Usijaribu grafu za pande tatu: Excel haikubali kuzichanganya na aina nyingine. Na kama safuwima yako ya kwanza ina miaka badala ya miezi, iache tupu seli ya kichwa chake, la sivyo programu inaweza kudhani 2023 na 2024 ni tarakimu za kuchorwa.

Kwa nini mvua iwe pau na wagonjwa wawe mstari? Mvua ni kiasi kinachojaa ndani ya mwezi na kuisha nao. Mwezi unaofuata unaanza upya. Pau inafaa kwa kitu cha namna hiyo. Mstari unalibeba jicho kutoka mwezi hadi mwezi, na kwa malaria mwendo huo ndio tunaoutafuta.

Sasa tusome tulichochora. Lubumbashi mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Machi, hupungua Aprili, na kuanzia Juni hadi Agosti karibu hakuna kitu. Mara nyingi kilele cha mstari wa malaria hakikai juu ya pau ndefu kuliko zote, kinakuja nyuma yake. Hesabu ya kibayolojia inaeleza sababu. Yai la mbu wa anofelesi huchukua takriban wiki moja hadi mbili kuwa mbu mzima. Mbu huyo akimuuma mgonjwa, kimelea kinahitaji siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mwili wake, na kwenye baridi kinachelewa zaidi. Atakayeumwa baadaye naye ataanza homa baada ya wiki moja hadi mbili, au zaidi kidogo. Ukijumlisha, mwezi mmoja na zaidi umepita tangu mvua ilipojaza madimbwi. Grafu mbili kwenye kurasa mbili huuficha mwachano huo. Kwenye grafu mseto unaupima kwa kidole.

Hata hivyo, grafu haithibitishi kwamba mvua ndiyo iliyoleta wagonjwa wote. Vipimo vya haraka vikiisha kwenye stoo ya dawa mwezi wa Februari, waliothibitishwa watapungua hata kama mbu wamejaa mtaa mzima wa Katuba. Ndiyo maana tunashauri mstari uwe asilimia ya waliokutwa na malaria kati ya waliopimwa, na idadi ya waliopimwa iandikwe chini ya grafu.

Sasa skeli, ambako uaminifu wa mchoraji hujulikana. Chukua tarakimu za kujifunzia, si za kituo chochote: wagonjwa 400 mwezi wa Oktoba, wanapanda taratibu hadi 900 mwezi wa Machi. Mhimili wa kulia ukianza sufuri na kuishia 1.000, msomaji anaona ongezeko la zaidi ya mara mbili, na ndivyo lilivyo. Ukiuanzisha 350, Oktoba inagusa sakafu na Machi inaonekana kana kwamba imelipuka kutoka kwenye utupu. Ukiuanzisha sufuri na kuupeleka hadi 5.000, mstari unalala chini karibu bila mwinuko, na mtu anaweza kusema hali imetulia. Tarakimu ni zilezile katika picha zote tatu. Kibaya zaidi, mahali mstari unapozikata pau hapana maana yoyote: milimita 200 na wagonjwa 800 havijakutana popote duniani, vimekutana kwenye karatasi tu kwa sababu skeli mbili zimepangwa hivyo. Mtu akikuonyesha grafu ya mihimili miwili na kusema "tazameni hapa, mstari umezipita pau", mwulize kwanza mihimili inaanzia ngapi na kuishia ngapi.

Pau zianze sufuri daima, kwa sababu jicho linalinganisha urefu wake mzima. Mstari una uhuru kidogo, ila ukiuanzisha juu ya sufuri, liandike jambo hilo wazi. Usiiachie programu iamue, kwani tarakimu zikikaribiana Excel yenyewe huweza kuuanzisha mhimili juu ya sufuri bila kukuuliza. Bofya mara mbili kwenye mhimili, na ndani ya « Format de l'axe » ujaze mwenyewe « Minimum » na « Maximum ».

Ipo grafu moja ya mihimili miwili ambayo skeli zake hazikuachwa zichaguliwe kiholela. Mwaka 1953 Wafaransa Bagnouls na Gaussen walipendekeza kwamba mwezi uhesabiwe kuwa mkavu pale mvua yake kwa milimita isipozidi mara mbili ya joto lake kwa nyuzi Selsiasi. Kutokana na kanuni hiyo ikaja grafu ya hali ya hewa tuliyoisoma shuleni: nyuzi 10 upande mmoja hukaa sawa na milimita 20 upande wa pili. Kwa Lubumbashi weka mvua kuanzia 0 hadi 300 na joto kuanzia 0 hadi 150. Mstari wa joto utaonekana umebanwa chini, kati ya nyuzi 17 hivi za Julai na 23 hivi za Oktoba, na wengi hutamani kuunyanyua. Usiunyanyue. Kuanzia Mei hadi Septemba mstari uko juu ya pau, na kiangazi chetu kinajionyesha chenyewe. Hapa kukatana kuna maana, kwa sababu kuna kanuni iliyowekwa kabla ya kuchora.

Wakati mwingine grafu mseto haifai kabisa, hata ikichorwa kwa uangalifu. Mskoti William Playfair, aliyechapisha grafu za pau tangu 1786, mwaka 1821 alichora bei ya ngano Uingereza kwa pau na ujira wa fundi kwa mstari, tangu 1565 hadi wakati wake. Alitaka kuonyesha kwamba ngano haijawahi kuwa rahisi kiasi hicho ukiilinganisha na ujira. Anayeitazama picha anaona pau zikipanda na kushuka kama milima na mstari ukitambaa chini. Hoja yenyewe haonekani kuipata. Kilichokosekana ni tarakimu ya tatu: fundi alihitaji kufanya kazi siku ngapi ili anunue kiasi kilekile cha ngano. Sisi nasi tukitaka kujua kama bukari, yaani ugali, imekuwa ghali kwa mfanyakazi wa mtaa wa Kamalondo, tusishindanishe bei ya mfuko wa unga na mshahara kwenye mihimili miwili. Tugawe bei ya mfuko kwa mshahara wa siku, tupate siku za kazi kwa kila mfuko, kisha tuchore mstari mmoja. Franka ikishuka thamani, bei na mshahara vyote viwili hupanda kwa tarakimu. Siku za kazi ndizo zinazosema nani ameumia.

Kabla ya kutuma ripoti, ichapishe kwa wino mweusi. Ripoti nyingi huishia kuwa nakala zisizo na rangi, na pau za buluu na mstari wa rangi ya machungwa hugeuka kijivu kimoja. Weka alama ya duara kwenye kila nukta ya mstari, na andika kando ya kila mhimili jina na kizio chake, ili msomaji asiutegemee ufunguo wenye rangi. Halafu kubalianeni na majirani. Zone za afya za mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kampemba zikifunga mihimili yao kwenye asilimia 0 hadi 100 na milimita 0 hadi 300, mwezi baada ya mwezi, ripoti zake zinaweza kuwekwa sambamba kwenye mkutano wa jimbo na zikasomwa kwa jicho moja. Kila moja ikiachia programu ichague, mwinuko wa Katuba hauwezi kulinganishwa na wa Kenya, wala wa Machi na wa Februari.