Kupatana mshahara: maana yake ni nini?

Kupatana mshahara ni mazungumzo yanayofanyika baada ya mwajiri kusema anakutaka na kabla hujasaini mkataba. Ni kipindi kifupi, siku mbili tatu tu, lakini mwajiri ameshakuchagua na hapendi kuanza upya kusaka mtu mwingine. Ukishasaini, unarudi kuwa muombaji.

Hapa Dodoma wengi hatukulizoea jambo hili. Wazazi na majirani zetu ni watumishi wa umma, na serikalini unawekwa kwenye ngazi yako ya TGS, yaani ngazi ya mishahara ya serikali, basi. Mazoea hayo tunayabeba hadi kwenye kampuni na mashirika binafsi, ambako mara nyingi nafasi ya kusogea ipo. Kwenye usaili tukiulizwa "unategemea kulipwa kiasi gani?" tunajibu "chochote, kulingana na utaratibu wenu." Jibu hilo huniuma kila nikilisikia, kwa sababu kijana anadhani ameonyesha adabu kumbe amejishusha bei.

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nkuhungu.

"Shikamoo mjomba. Nimepata kazi! Milioni moja na laki mbili."

"Marahaba mama, hongera sana. Ghafi au mkononi?"

Akanyamaza.

Tukakaa na karatasi. Ilikuwa ghafi, yaani kabla ya makato, tena yote mshahara wa msingi, bila posho ndani yake. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani 120,000, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake. Zinabaki 1,080,000, na hizo ndizo zinazotozwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi yake ni 152,000. Alisoma kwa mkopo, kwa hiyo Bodi ya Mikopo nayo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Mkononi: 748,000. Naye alikuwa ameshaulizia chumba na sebule Ilazo kwa hesabu ya milioni na ushee.

Ndiyo maana neno "mshahara" peke yake halitoshi mezani. Uliza ni ghafi au ni wa mkononi, kisha uliza umegawanywaje. Hapo kwenye mgawanyo ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Kuna mwajiri atakayekupa mshahara wa msingi mdogo na posho nene, na jumla ikapendeza. Lakini kwa sheria ya ajira ya 2004, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kiinua mgongo kazi ikisitishwa ni siku 7 za mshahara huo huo wa msingi kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka 10. Posho haimo. Kama unaweza kusogeza kitu kimoja tu, sogeza wa msingi.

Likizo ya siku 28 kwa mwaka usikubali ihesabiwe kama marupurupu. Hiyo ni haki yako kisheria.

Mpwa wangu aliandika barua pepe fupi: anashukuru, ana uzoefu wa miaka mitatu kwenye mfumo wa uhasibu wanaoutumia, anaomba 1,400,000. Wakajibu bajeti ya nafasi hiyo imefungwa. Nikamwambia asikasirike, aulize kingine. Ofisi iko Ihumwa, na kutoka kwake ni daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Akaomba nauli, na bima ya afya imjumuishe mtoto wake. Akaomba pia mshahara uangaliwe upya muda wa majaribio ukiisha. Yote matatu yakakubaliwa kwa simu.

"Mjomba, nikasaini?"

"Yameandikwa?"

Yalikuwa hayajaandikwa. Akawaomba wayaingize kwenye mkataba. Ukarudi Ijumaa ukiwa na kurasa mbili zilizobadilishwa, akausoma wote mezani kwangu, kisha akatoa kalamu.