Kulipia Tangazo Si Kupata Kibali cha Bango

Kila sisi wasimamizi wa barabara tunapoanza kuondoa mabango kando ya barabara, malalamiko yanayofika kwetu ni yale yale: "Nalipa ada kila mwaka, iweje mniwekee alama ya kubomoa?" Ada ya tangazo ni malipo ya tangazo. Kibali cha kusimamisha nguzo ni kitu kingine, na hakitoki mpaka mhandisi aridhike na mambo mawili: macho ya dereva na nguvu ya upepo.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akisoma bango kwa sekunde 2, ameshapita mita 44 macho yakiwa pembeni. Ndiyo maana tunakataa mabango kwenye kona kali, kwenye makutano na karibu na vivuko vya waenda kwa miguu, hata pale mwombaji anapoona ndipo penye wateja. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani nao unazuia mabango yanayoweza kudhaniwa kuwa alama, yanayoziba alama, au yanayompotezea dereva umakini. Hata hivyo, bado tunakuta kipande cha bati chenye namba ya simu ya fundi kimefungwa kwa waya kwenye nguzo ya alama ya kusimama, kimefunika nusu ya maandishi. Mwenyewe ukimuuliza atakwambia ni kadogo tu. Mgeni wa njia hiyo, usiku, hatajua kwamba alitakiwa kusimama.

Kwa mabango ya kidijitali tunaangalia pia mwanga wa usiku na kasi ya kubadilisha picha. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2007 ulitaja sekunde 4 hadi 10 kwa kila picha na kupendekeza 8. Video inayocheza mbele ya dereva hatuijadili, tunaikataa.

Upepo ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Bango la mita 12 kwa 4, likipigwa na upepo wa kilomita 108 kwa saa, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 3, na nguvu yote hiyo inashuka kwenye boliti za chini na zege la msingi. Tukikagua tunapiga magoti hapo chini: nati zimelegea, kutu imekula shingo ya boliti, maji ya mvua yamechimba udongo hadi zege linaonekana. Huku juu turubai ni jipya, linang'aa.

Tarehe 13 Mei 2024, jijini Mumbai, bango kubwa liliangukia kituo cha mafuta wakati wa dhoruba na watu 17 wakafa. Lilikuwa na futi zipatazo 120 kwa 120, wakati kipimo cha juu cha manispaa kilikuwa 40 kwa 40, yaani eneo lake lilikuwa mara tisa ya lile lililoruhusiwa. Lilisimama kwenye ardhi ya polisi wa reli, kwa ruhusa yao, na manispaa ikasema haikutoa kibali. Ruhusa ya mwenye ardhi haikuzuia upepo.

Hapo ndipo penye ubishi mkubwa: "Shamba ni langu." Tunalisikia kila siku, na jibu halibadiliki. Kwanza, pima upya, kwa sababu hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, mara nyingi huingia ndani kuliko unavyodhani. Pili, hata nje ya hifadhi, bango limeelekezwa kwa watu walio barabarani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1965 inadhibiti mabango hadi futi 660, karibu mita 200, kutoka ukingo wa hifadhi ya barabara kuu, na hiyo ni ardhi ya watu binafsi.

Maombi yaje kabla ya kuchimba shimo, si baada. Ambatisha ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi, ramani ya eneo yenye umbali kutoka ukingo wa lami, na michoro ya msingi na nguzo iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Ukiongeza ukubwa, au ukigeuza bango la turubai kuwa skrini, omba upya, maana uzito na mwanga vimebadilika.

Anayekiuka hupewa notisi ya maandishi. Muda wake ukiisha, tunaondoa sisi, na gharama za kreni, usafiri na kuhifadhi vyuma zinakwenda kwa mwenye bango pamoja na faini. Kulipa faini hakuhalalishi bango. Linalotishia kuanguka linaweza kuondolewa bila kusubiri notisi iishe.

Ukiona bango limeinama au turubai limechanika na linapepea juu ya barabara, usisimame chini yake kupiga picha. Soma ukiwa mbali namba ya kibali iliyoandikwa chini ya fremu, utupigie. Kama haina namba, tutajie nguzo ya kilomita iliyo karibu na upande wa barabara lilipo.