Ziara ni kazi: jinsi mikataba ya wafuatiliaji madeni inavyotuumiza

Mteja wa benki akipitisha siku 90 bila kuleta rejesho, mkopo wake unahesabiwa kuwa chechefu, yaani usiolipwa ipasavyo. Kufikia hapo simu zimeshapigwa mpaka hazipokelewi tena, na mdhamini naye amebadilisha laini. Faili linatoka benki linakwenda kwa kampuni ya kukusanya madeni. Ofisini kampuni ina vijana wa kupiga simu wanaolipwa mshahara, lakini anayekwenda kugonga mlango wa mdaiwa kule Chanika, Kivule au Bunju mara nyingi si mwajiriwa. Ni mtu kama mimi: nina mkataba wa wakala, pikipiki yangu, simu yangu, bando langu, na kamisheni pale tu mdaiwa atakapolipa.

Nimefanya kazi hii Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, kwa kampuni zaidi ya moja, na vijana wanaotaka kuingia huniuliza kama inalipa. Jibu ni refu, ndiyo maana naliandika. Kazi yenyewe naipenda. Kumpata mtu aliyejificha kwa aibu, kukaa naye chini na kupanga naye malipo anayoyaweza, ni kazi ya maana, na taasisi isiyorudishiwa fedha zake haiwezi kumkopesha anayefuata. Kinachonikera ni mikataba. Hasara yote ya njiani tumeachiwa sisi, na ushahidi wote wa malipo uko mikononi mwa kampuni.

Nianze na anwani, maana huko ndiko siku inakopotelea. Fomu nyingi tunazopewa zilijazwa miaka iliyopita, na sehemu ya makazi imeandikwa "Chanika, karibu na msikiti, geti jeusi". Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ikapata majina na nyumba zikapata namba. Kwetu ulikuwa msaada mkubwa. Nikipewa jina la mtaa na namba ya nyumba, nafika. Lakini mikopo ya kabla ya hapo haina namba, na hata ya baadaye utakuta afisa mikopo ameandika kata tu. Mdaiwa amehama mara mbili tangu achukue fedha, geti limepakwa rangi nyingine, na misikiti eneo hilo iko mitatu.

Faili moja la Chanika lilinipeleka kwa mjumbe kwanza, kama inavyotakiwa. Nikajitambulisha, nikatoa barua ya kampuni. Akaisoma yote, akasema haina muhuri wa mtendaji wa mtaa. Nikarudi ofisi ya serikali ya mtaa; mtendaji yuko kikaoni, nikasubiri. Muhuri ulipopatikana mjumbe akanipeleka mwenyewe hadi mlangoni. Alikuwepo mama mtu mzima barazani, anachambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Unamtafuta nani?"

Nikataja jina. Uso ukamchangamka. "Huyo ni mwanangu. Siku hizi yuko Tunduma. Umemletea kazi?"

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi yetu ambao hauonekani kwenye ripoti yoyote. Deni ni la mtoto, mama hakuwa mdhamini. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, habari za mkopo wa mtu si za kumwaga barazani kwa ndugu zake, na hata kabla ya sheria hiyo ustaarabu ulikuwa unakataza. Nikamwambia nina barua ya mwanawe ya kumkabidhi mkononi, nikaomba namba ya simu ya mwanawe huyo. Akaingia ndani akatoka na daftari. Namba ilikuwa ile ile ya kwenye fomu, isiyopatikana.

Nikapiga picha ya nyumba kwa programu ya kampuni, inayoweka saa na alama ya mahali, nikajaza ripoti: mdaiwa hayupo, amehamia Tunduma, aliyetoa taarifa ni mzazi. Ripoti ikakataliwa. Mtandao ulikuwa umekatika pale, picha ikapanda nilipofika Gongo la Mboto, na mfumo ukasoma kwamba niko Gongo la Mboto. Ziara hiyo sikulipwa hata senti. Wakati huohuo taarifa niliyoleta ilikuwa na thamani kwa benki, kwa sababu sasa walijua faili liende kwa mfuatiliaji wa Songwe, mkoa iliko Tunduma, na si kuzungushwa tena Dar es Salaam. Waliitumia. Faili lilihamishwa wiki hiyohiyo.

Sasa hesabu. Tuseme kamisheni ni asilimia 10. Mdaiwa wa shilingi 400,000 anaanza na 50,000, kwa kuwa ndiyo aliyo nayo. Kamisheni hapo ni 5,000. Ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 inabaki 4,750. Kutoka Ubungo kwenda Chanika na kurudi, mafuta ya pikipiki peke yake yanazidi hiyo. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zinapanda na kushuka, lakini sijawahi kuona mkataba wa mfuatiliaji unaosogea nazo. Ongeza pesa ya soda ya mjumbe, ongeza vocha, ongeza siku ambayo mdaiwa alisema "njoo kesho saa nne" na kesho yake mlango una kufuli. Kampuni nyingine hulipa kiasi kidogo kwa kila ziara iliyothibitishwa. Nyingine hazilipi kabisa, na ndizo zinazowatuma watu mbali zaidi, kwa sababu umbali hauwagharimu kitu.

Jambo linalovunja moyo kuliko yote, hata hivyo, ni malipo yanayoingia baada ya wewe kuondoka. Mdaiwa mzuri hakulipi mkononi, na wala hapaswi. Analipa benki au kwa namba ya kumbukumbu kwenye simu. Maana yake anayeona fedha ikiingia ni benki, benki inaiarifu kampuni, na mfuatiliaji anasubiri kuambiwa. Nilikuwa na mfanyabiashara wa vipuri, Gerezani. Nilikwenda dukani kwake, tukatoka nje ili wateja wasisikie, tukaandikishana ahadi ya kulipa kwa awamu tatu kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza alilipa. Wa pili faili lilikuwa limefikisha siku 30 mikononi mwangu, likarudishwa ofisini kwa utaratibu wao. Awamu mbili zilizobaki, ambazo ndizo zilizokuwa kubwa, ziliingia kwa jina la kijana wa simu aliyempigia kumkumbusha. Kijana hakufanya kosa. Alipewa orodha akapiga. Lakini ahadi ile haikutokana na simu. Mtu huyo alikuwa hapokei simu kwa miezi mingi.

Nikiuliza, najibiwa kwamba mfumo unahesabu mguso wa mwisho, yaani malipo ni ya aliyewasiliana na mdaiwa mwisho. Utaratibu huo unaifaa kampuni, kwa sababu malipo yanayohesabiwa kwa mwajiriwa hayana kamisheni ya wakala. Na siwezi kupinga, kwa sababu taarifa ya benki sioni, kumbukumbu za simu sioni, na siku faili linaporudishwa linafutika kwenye simu yangu. Hata kamisheni isiyo na ubishi huchelewa. Kampuni husema inasubiri benki ilipe ankara, na mwezi unageuka miwili. Petroli sikukopeshwa miezi miwili.

Halafu kuna mtaa unavyotutazama. Mikopo ya kausha damu na ile ya programu za simu imetuharibia jina. Watu wamepigiwa simu na matusi, wengine majirani na wafanyakazi wenzao wametumiwa ujumbe kwamba fulani ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na nilifurahi, maana kila aliyedhalilishwa na programu hizo ananiona mimi na wale kuwa kitu kimoja. Nikifika na jaketi na bahasha, watoto wanakimbia kuita mtu mzima. Kwenye mikopo ya vikundi hali ni mbaya zaidi: wanakikundi wenzake wameshabeba kochi na redio, na mimi nikija siku tatu baadaye ndiye ninayeulizwa vitu viko wapi. Mfuatiliaji hana mamlaka ya kubeba hata kijiko. Si dalali wa mahakama, hana amri ya mahakama. Uchochoroni, ambako mtu akipiga yowe la "mwizi" umati hauulizi, maelezo hayo hayafiki masikioni mwa mtu. Ndiyo maana mimi siingii mtaa nisioujua bila mjumbe, hata kama ananichelewesha nusu siku.

Msimamizi aliyekaa ofisini haoni haya. Yeye anaona namba. Nimesoma kwa macho yangu kwenye grupu la WhatsApp: "Mwaibishe mbele ya majirani, atalipa." Sikufanya, na sitafanya. Ila mkataba wa kampuni hiyohiyo ulikuwa na kifungu kwamba wakala atawajibika mwenyewe kwa kosa lolote dhidi ya mdaiwa, na kampuni haitahusika. Kijana mgeni, mwenye kodi ya chumba inayomsubiri, anayelipwa tu mdaiwa akilipa, atatii ujumbe ule. Mdaiwa akipeleka malalamiko, kijana atasimama peke yake. Kwangu huu ni uonevu wa wazi, na unaziumiza pande mbili kwa mkupuo mmoja: anayedaiwa na anayetumwa.

Kuna jambo la sheria ambalo wenzangu wengi hawalijui. Mkataba ukikuita wakala au mkandarasi badala ya mwajiriwa, hilo peke yake halimalizi habari. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwaje, ikiwa hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa kipo. Vigezo hivyo ni kama namna yako ya kufanya kazi kuwa chini ya maelekezo ya mwingine, saa zako kupangwa naye, kufanya naye kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kumtegemea kiuchumi, kupewa naye vitendea kazi, au kumfanyia kazi yeye peke yake. Kampuni inayokutaka utume mahali ulipo saa mbili asubuhi, inayokupangia mitaa ya leo na inayokukataza kuchukua mafaili ya kampuni nyingine, imejiandikia yenyewe ushahidi.

Tofauti yake ni kubwa. Mwajiriwa akiumia kazini analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia. Mfuatiliaji akianguka na pikipiki kwenye tope la Kivule anajiuguza. Nina mwenzangu aliyevunjika mguu akienda kwa mdaiwa. Kampuni ilimtumia salamu za pole, na mafaili yake yakagawiwa siku iliyofuata. Kwa hiyo hifadhi jumbe za grupu, ripoti zako na orodha za mafaili, na zitoe nje ya programu ya kampuni, kwa sababu siku wakikufungia programu hiyo huzioni tena. Ukifika kwenye mgogoro, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Wengi huzimaliza siku hizo wakipigiwa simu za "tunalishughulikia".

Neno fupi kuhusu madeni ya zamani. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6 kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, na mdaiwa akisaini kukiri deni kabla ya muda huo kuisha, au akilipa sehemu yake, saa inaanza upya. Ndiyo maana kampuni hukazania fomu ya kukiri deni hata pale mdaiwa hana kitu. Fomu hiyo ni mali kubwa kwa benki. Mfuatiliaji aliyeileta anastahili kulipwa kwa ajili yake hata kama shilingi haijaingia.

Siku hizi sisaini mkataba usiosema mambo mawili. La kwanza, ziara iliyothibitishwa ina malipo yake kulingana na umbali, mdaiwa awepo au asiwepo, na picha ikikataliwa kwa sababu ya mtandao nipewe nafasi ya kuithibitisha kwa mjumbe. La pili nimeliandika kwa maneno yangu na kampuni mbili zimelikubali: "Malipo yoyote yatakayofanywa na mdaiwa ndani ya siku 90 baada ya ahadi aliyoisaini mbele ya wakala yatahesabiwa kuwa ya wakala huyo, hata kama faili limerudishwa ofisini, na wakala atapewa taarifa ya malipo ya faili hilo kila mwisho wa mwezi." Kampuni ya tatu ililikataa. Nilichukua mafaili yao ya Ubungo na Kinondoni tu, ninakoweza kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri, na ya Chanika nikawaachia.