Kinasi inyamaze wapi? Namna seli inavyojua mbele na nyuma

Wanaoanza kazi ya maabara huniuliza jinsi kinasi aPKC, kimeng'enya kimoja ndani ya seli, inavyoipa seli mbele na nyuma. Mimi huwarudisha kwenye swali ninaloliona zito zaidi: kinasi hiyo inazuiwa wapi, na inaachiwa wapi?

Chukua yai lililorutubishwa la mnyoo Caenorhabditis elegans. Lina urefu wa takribani mikromita 50, tena linapitisha mwanga, kwa hiyo darubini inakuonyesha mambo yakitendeka. Kwa kawaida hugawanyika kuwa seli kubwa ya mbele na ndogo ya nyuma. Mwaka 1988 Kenneth Kemphues na wenzake walieleza jeni walizoziita par. Zikiharibika, mpangilio huo huvurugika, na mara nyingi seli mbili hutoka sawa kwa sawa.

Kazi ya kinasi ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Tazama LGL, protini ya upande wa nyuma. Inashika utando wa seli kwa kipande chenye chaji chanya, kwa sababu mafuta ya utando yana chaji hasi. aPKC ikikibandika fosfeti, ambayo ina chaji hasi, chaji chanya ya kipande hicho hufifia na LGL huachia utando. PAR-1 na PAR-2, protini za nyuma zinazotokana na jeni za par, nazo hufukuzwa kutoka mbele na aPKC hiyohiyo. PAR-1 hulipiza kwa kuizuia PAR-3, protini ya mbele, isijikite nyuma.

Sasa, aPKC ingefanya kazi kila mahali, upande wa nyuma usingepatikana kamwe. Ndiyo maana inabeba kizuizi chake yenyewe: kipande kinachofanana na shabaha zake, ila hakina mahali pa kubandika fosfeti, nacho hukaa kwenye kitovu cha utendaji na kukiziba. Ikiwa ndani ya vifundo vya PAR-3, yaani mafungu ya protini hiyo kwenye utando, aPKC hubaki kimya. Wavu wa aktini na miosini, nyuzi za protini zilizo chini ya utando, unapojikunja kuelekea mbele, vifundo husombwa pamoja na aPKC iliyo ndani yake. Huko mbele aPKC hukabidhiwa kwa CDC-42, protini nyingine ya kwenye utando, ikaamka, ikatawanyika kwenye utando na kuanza kufukuza. Naona uzuri mkubwa katika mpango huu: ukimya ndio unaoruhusu usafiri.

Tukiizuia aPKC kwa dawa inayokaa kwenye mfuko wake wa ATP, molekuli ambayo kinasi huchukua fosfeti kwake, PAR-2 huenea utando mzima. Lakini kuzuia si sawa na kufuta jeni. Ukifuta jeni, protini yenyewe haipo. Ukitumia dawa, ipo, bado inashikana na wenzake, ila haibandiki fosfeti. Tofauti ya matokeo hayo mawili ndiyo inayotuambia protini ina kazi gani nyingine zaidi ya ukinasi.

Usiamini dawa kwa jina lake tu. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500, na mifuko yao ya ATP inafanana sana. Hata peptidi ZIP, kipande kifupi cha protini kilichonakiliwa kutoka kizuizi cha asili cha aPKC, kilionekana mwaka 2013 kikivuruga kumbukumbu za panya wasio na jeni ya kinasi iliyodhaniwa kuwa shabaha yake, mmoja wa jamii ya aPKC. Mimi hupendelea kuibadili kinasi kidogo, mfuko wake upanuke na upokee dawa isiyoingia kwenye kinasi nyingine. Kisha dawa hiyohiyo huwekwa kwa seli zisizobadilishwa: nazo zikipoteza mbele na nyuma, jaribio hilo halithibitishi lolote kuhusu aPKC.