Mofini, maumivu sugu na afya ya akili

"Akipewa mofini, ujue safari imeiva." Maneno haya yamezoeleka Bombo na Arua, hapa Uganda, na yanawatesa wagonjwa bure. Mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, hutolewa kwa ukali wa maumivu, si kwa kukaribia kifo. Hata mwenye selimundu huinywa siku za maumivu makali, kisha akarudi kazini. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ndiyo iliyotuzoesha mofini ya maji: unga huchanganywa na maji, ukatiwa rangi ili nguvu yake itambulike. Tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kuiandika, na serikali huitoa bila malipo.

"Ukianza tu, umekuwa teja." Mwili uliozoea dawa ukinyimwa ghafla hutokwa jasho, hutetemeka, huharisha. Huko ni kuzoea kwa mwili, na huisha daktari akipunguza dozi kidogo kidogo. Uraibu ni mtu kuisaka dawa hata inapomvunjia nyumba na kazi. Hatari hiyo ipo, nami siipunguzi: inampata upesi zaidi mwenye sonona isiyotibiwa, au aliyewahi kuzama kwenye pombe. Kwa hiyo ukiulizwa habari za usingizi, huzuni na waragi, tafadhali usifiche. Majibu yako ndiyo yanayomwongoza daktari kuchagua dawa na kiasi chake.

"Picha haioneshi kitu, basi anajifanya." Hapana. Mgongo unaouma miaka na miaka huzaa sonona, na sonona nayo huyakoleza maumivu. Amitriptilini, dawa ya sonona, kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya neva; anayeandikiwa hajaitwa kichaa. Wala anayetumwa Butabika, hospitali ya afya ya akili ya Kampala, hajatupwa.

"Imeandikwa na daktari, haina madhara." Si kweli. Mofini hufunga choo, na karibu kila anywaye mofini huhitaji dawa ya kulainisha choo. Kwa maumivu sugu ya mgongo, tramadoli na dawa nyingine za jamii ya mofini mara nyingi husaidia kidogo tu kadiri muda unavyopita. Mazoezi na tiba ya mazungumzo visidharauliwe. Hatari kubwa ya kuua ni kuchanganya dawa hizi na pombe au diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, maana pumzi hufifia. Ukimkuta mtu anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imegeuka rangi na haamki ukimtikisa, usimwache eti alale: mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali mara moja, na chukueni chupa ya dawa aliyokunywa.